Tafuta mchanga kwanza

Kijana akinunua boti yake ya kwanza hapa Mafia, swali analoniletea ni moja: nanga ya kilo ngapi? Namjibu kwamba kwa boti ya mita 7 au 8, kilo 10 hivi zinatosha, kisha namuuliza na mimi: utaitia wapi? Wengine hunyamaza. Wengine hujibu bila wasiwasi wowote, "Kwenye mwamba, nahodha. Ikishakamata mwamba, haitoki."

Jibu hilo nimelisikia Utende, Jibondo na hata Kilindoni, na linatoka kwa watu wanaoijua bahari. Ndiyo maana nimeona nilijibu kwa maandishi. Mimi napeleka wageni kuogelea na kuzamia ndani ya Ghuba ya Chole, kwa hiyo kutia nanga ni kazi ya kila siku. Na katika kazi hiyo, nanga iliyokamata mwamba ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwamba unakamata, sikatai, ila unakamata upande mmoja. Chukua nanga ya meno manne, imeingia chini ya ukingo wa jiwe maji yakiwa yanajaa. Mkondo unaingia kutoka mlango wa Kinasi, njia ya maji ya bahari kuu upande wa mashariki wa ghuba, boti inalala upande wa magharibi wa nanga, na kadiri mkondo unavyovuta ndivyo jino linavyozidi kujikaza. Unajisifu. Baada ya saa sita na kidogo maji yanageuka, boti inazunguka, sasa inavuta kuelekea mlangoni, na jino halina tena ukingo wa kushika. Inaweza kuchomoka na kuanza kukokota, nawe umelala. Au kamba inajiviringisha kwenye jiwe, na kamba yako ya mita 30 inabaki mita 6. Hapo omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, imefungwa chini. Wimbi likija haiwezi kunyanyuka, maji yanaingia juu. Wakati huohuo tumbawe linaila kamba polepole. Asubuhi unavuta ncha iliyochanika nyuzinyuzi, kama bado upo mahali pa kuivutia.

Na jiwe lenyewe unaweza kulivunja. Matumbawe ya matawi, yale yanayofanana na pembe za kulungu, hayavumilii hata kuguswa na mnyororo. Hayo angalau hukua haraka, sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale majabali ya mviringo ni habari nyingine, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Jabali la kimo cha mita 2, ambalo jino la nanga linaweza kuling'oa kipande kwa dakika moja, lilianza kukua karibu na zile siku Wasakalava wa Madagaska walipouvamia mji wa Kua, hapo kisiwani Juani, mwanzoni mwa karne ya 19. Najua nitaambiwa kwamba baruti na nyavu za kokoro zinazoburutwa chini vimeharibu zaidi ya nanga. Ni kweli. Lakini wavuvi wa baruti hawasomi hapa, wenye nanga ndio wanaosoma.

Basi tafuta mchanga. Kuuona ni kazi ya jua. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu au nyuma yako, msimamishe mtu omo, avae miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao wa maji, kama ipo. Mchanga huonekana mweupe, na ukienda chini zaidi huwa wa feruzi. Mwamba ni kahawia au mweusi wenye ukingo unaokatika ghafla. Majani ya bahari nayo ni meusi, ila kingo zake zimefifia, zinachanganyika na mchanga taratibu. Kivuli cha wingu hudanganya sana. Subiri kidogo, kikisogea si mwamba. Kwenye majani usitie. Nanga huteleza juu yake au hung'oa fungu zima na kukokota nalo, na majani hayo ni chakula cha kasa na cha nguva wachache waliobaki kati ya hapa na Rufiji.

Jua likiwa mbele yako, au saa kumi na moja jioni maji yanapong'aa kama bati, huoni kitu. Mjomba wangu, ambaye amesafirisha mzigo kwa jahazi tangu sijazaliwa, hategemei macho peke yake. Ana bildi, kipande cha risasi kwenye kamba yenye mafundo kila pima moja, na chini ya risasi pana kishimo anachokijaza sabuni ya kipande. Anaishusha, inagota, anaivuta, anaigeuza kiganjani. Sabuni ikiwa na chembe za mchanga, anasema "twende". Ikirudi safi ina mkwaruzo, hapo chini ni jiwe, tunasogea. Siku moja nilimwonyesha kipima kina cha kielektroniki kwenye boti yangu. Akakitazama namba zikibadilika, akauliza, "Mjomba, na hiki kinakwambia kuna nini chini, au kinakwambia ni mbali kiasi gani tu?" Kile changu ni cha bei ndogo, kinasema umbali tu. Nikanyamaza, na sasa nina bildi yangu.

Umbali wenyewe nao unataka hesabu, na hapa kwetu hesabu hiyo si ya mchezo. Bamvuo kubwa, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linaweza kukaribia mita 4 kati ya maji kupwa na maji kujaa. Wageni wanaoleta mashua zao kutoka bahari za Ulaya ambako maji hayasogei hata nusu mita hupata taabu sana na jambo hili. Tuseme umefika maji yamekupwa, bildi inasoma mita 4. Usiku yatakuwa 8. Ongeza mita moja ya kimo cha omo, ni 9. Kwa mnyororo mtupu, achia urefu mara tano ya hizo: mita 45. Kwa kamba yenye mnyororo mfupi mbele, achia mara saba: mita 63. Boti zetu nyingi hazina hata 40. Kwa hiyo ama ununue kamba, ama utafute mchanga wa maji mafupi zaidi, ukumbuke tu kwamba ukifika maji yamejaa hesabu inageuka. Ukitia kwenye mita 5 siku ya bamvuo, kuna uwezekano ukaamka umepwelewa, maji yamekukimbia na boti imekaa chini. Kupwelewa juu ya mchanga ni aibu. Juu ya matumbawe ni mbao zilizotoboka. Wajerumani wenyewe, enzi za ukoloni wao, walichoka na maji mafupi ya Chole, wakahamishia makao yao Kilindoni mwaka 1913, kwa ajili ya meli zao zilizohitaji kina.

Siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, mambo ni mepesi. Lakini usijifunzie hesabu zako siku hizo.

Ukishapata mahali, elekeza omo kwenye upepo au mkondo, chochote chenye nguvu zaidi, na usimamishe boti kabisa. Usiirushe nanga. Ile ya kuizungusha na kuitupa mbali ni ya kufurahisha wageni, inaangukia popote na mnyororo unaangukia juu yake. Ishushe kwa mkono mpaka iguse, acha boti irudi nyuma yenyewe, uwe unatoa kamba kidogo kidogo. Ikitoka yote, funga, uweke mashine nyuma polepole, halafu chagua alama mbili za nchi kavu, mnazi na pembe ya ukuta, mmoja mbele ya mwingine. Zikibaki zimelingana, nanga imeuma. Zikiachana, inakokota, anza upya. Baada ya hapo vaa miwani ya kuzamia ushuke ukaione. Hakuna kinachozidi hilo. Ukiikuta imelala ubavu juu ya mchanga mgumu, unaweza kuielekeza kwa mkono. Upande wa magharibi wa kisiwa, hasa masika mto Rufiji unapoleta tope lake, hutaona kitu, lakini upande wetu wa Chole wakati wa kaskazi maji huwa safi kiasi cha kuiona nanga ukiwa juu.

Ukiwa chini, usiangalie nanga tu. Angalia na mnyororo utapita wapi. Watu hudhani madhara yanafanywa na nanga, kumbe nanga imetulia. Mnyororo ndio unaofagia. Ukitoa mita 45, boti itaandika duara lote hilo mkondo unapogeuka, na kila jiwe lililomo ndani litakwaruzwa mara nne kwa siku. Kama katikati ya uwanja wa mchanga pana mawe mawili matatu, kuna njia ambayo mabaharia wa mashua za tanga huitumia sana kwenye visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Ufaransa, ambako kila ghuba imejaa mawe namna hii: unaunyanyua mnyororo kwa maboya. Kipande cha kwanza, tuseme mita 10, unakiacha kilale mchangani ili nanga ivutwe kwa ulalo. Kuanzia hapo unafunga boya dogo kila baada ya mita chache, mnyororo unaning'inia katikati ya maji, juu ya vichwa vya mawe. Kule wanaokota maboya ya mashamba ya lulu. Hapa wengi tutakimbilia madumu ya lita 5, na ninawaonya: dumu laini likishuka mita 10 linabonyea, hewa yake inabaki nusu, na nguvu yake ya kunyanyua nayo inabaki nusu. Tumia maboya magumu ya nyavu.

Njia bora kuliko zote ni kutotia nanga kabisa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu 1995, ya kwanza ya namna yake Tanzania, na palipo na boya la kudumu, funga hapo. Teknolojia yake si ngeni: John Halas, mwanabiolojia wa bahari huko Key Largo, Florida, ndiye aliyeanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoboa mwamba mfu na kusimika chuma kwa saruji, kamba ikapanda juu kwenye boya, na nanga zikapumzika. Ila boya usiliamini kwa rangi yake. Zama ukatazame shakeli ya chini, kile chuma cha kuunganishia chenye pini, maana pale ndipo chuma kinapolika, na kamba iliyovaa majani inaweza kuwa imebaki nusu. Boya la boti ya wazamiaji wanane si la jahazi lenye mzigo wa saruji. Na wale wanaokata kamba za maboya kwenda kufungia mbuzi, sijui niwaambie nini. Kamba ya mbuzi inauzwa dukani.

Kuhusu aina ya nanga nitasema kwa kifupi. Ile ya nondo ya kuchomelea tunayoitumia wengi wetu imetengenezwa kwa ajili ya kunasa jiwe. Mchangani inalima tu mfereji. Kama kazi yako ni ya mchanga, tafuta ya mabapa kama Danforth au ya jembe, weka mnyororo wa milimita 8 angalau mita 5 mbele ya kamba. Ni ghali, najua. Kama huna budi kutumia ya nondo, mwambie fundi aweke nondo nyembamba zinazonyooka ukivuta kwa nguvu; utazipinda tena nyumbani kwa bomba.

Na siku itakayonasa, maana itanasa tu, usipige mashine kuing'oa. Nimeona boti ya wenzetu ikichomokwa na chuma cha kufungia kamba pamoja na kipande cha faiba. Subiri maji yasimame, leta boti juu ya nanga kabisa, vuta wima, ukishindwa zunguka upande wa pili. Bora zaidi uwe umejiandaa mapema: funga kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga, kule kwenye meno, na chelezo, yaani boya dogo, juu yake, ikinasa unaivuta kwa nyuma. Kama chelezo kinakusumbua kwa kuingia kwenye pangaboi la mashine, fanya hivi. Shakeli ya mnyororo ifunge kwenye kitako cha nanga badala ya pete ya juu, halafu mnyororo uulaze kwenye mpini na kuufunga kwenye pete ya juu kwa uzi wa nyavu, mizunguko mitatu. Kazi za kawaida uzi unashika. Ikinasa, unavuta wima kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume.

Uzi huo ni wa kazi za mchana, mkiwa macho. Upepo ukigeuka usiku na uzi ukakatika, utakuwa unaelea na nanga iliyopinduka. Kabla ya kulala, irudishe shakeli kwenye pete ya juu na uipitishe waya ili pini isifunguke.