Cheche ipo, lakini mashine haiwaki: mashine za boti, Johnson na Evinrude za platini

Ukiitoa plagi, ukaigusisha kwenye bloki, ukavuta kamba na kuona kacheche kekundu kakimeta, usiseme moto, yaani umeme wa kuwashia petroli, upo. Hewani cheche huruka mwanya wa plagi bila taabu. Ndani ya silinda kuna mgandamizo, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuvuka mwanya uleule. Mashine yenye moto hafifu ina tabia zake: asubuhi inakubali baada ya kuvutwa mara kumi na tano, inanguruma vizuri ikiwa taratibu, ukiipa mafuta inakohoa na kukata silinda moja. Au inakwenda nusu saa, ikipata joto inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe.

Ninazozungumzia ni Johnson na Evinrude ndogo za silinda mbili zenye platini, yaani vidoti viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kutoa cheche, zile za hadi katikati ya miaka ya 1970. Ni mashine moja yenye majina mawili, maana zote zilitoka kwa Outboard Marine Corporation ya Marekani. Za nguvu farasi 9.9 na 15 ziliingia CDI, yaani moto wa kielektroniki, mwaka 1977, na hizo hazina platini.

Kwanza tengeneza kipimo. Chukua kipande cha ubao mkavu, pigilia misumari miwili ielekeane ncha kwa ncha, iachane milimita 6. Msumari mmoja ufunge kwenye waya wa plagi, mwingine uunganishe na bloki kwa waya mzuri. Toa plagi zote mbili, ziba matundu kwa kitambaa, weka ubao mbali nayo, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka hapo kila ukivuta. Waya wa silinda usiyoipima uutie kwenye bloki, usiuache unaning'inia. Umeme ukikosa njia ya kutokea hutoboa koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi. Vuta kamba kwa nguvu. Cheche nzima ni ya buluu, inaruka milimita 6 kila mara, na inasikika: ta, ta, ta. Kama unalazimika kusogeza misumari hadi milimita 3 ndipo iruke, umepata ugonjwa. Kwa CDI za kampuni hiyo mwanya ni milimita 11. Na kumbuka plagi zikiwa nje flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku juu ya mashine, inazunguka kwa wepesi, kwa hiyo hapo unaona moto ukiwa katika hali yake nzuri kabisa.

Kabla ya kugusa flaiwili, chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Ngozi yake ikichubuka na kugusa chuma, umeme unavuja. Moto ukirudi baada ya kuuchomoa, kazi imeisha. Ila mpaka uutengeneze, utazima mashine kwa choki, yaani kwa kuziba hewa ya kabureta. Kisha subiri magharibi, giza likiingia, mtu avute kamba huku wewe unatazama waya za plagi. Panapovuja utaona kamstari ka buluu kakirukia bloki.

Hapo pakiwa salama, flaiwili inatoka. Pula, chombo cha kung'olea flaiwili, ifungwe kwa boliti tatu kwenye matundu ya katikati yenye nyuzi, isishike ukingo. Kugonga ncha ya shafti kwa nyundo ni ufundi wa kuharibu mali ya watu.

Chini yake kila silinda ina platini yake, kondensa yake (inayoikinga platini isiungue) na koili yake. Hii ni bahati kubwa, maana upande mzima ndio mwalimu wa upande mbovu. Fungua platini kwa ukucha, tazama nyuso zake. Zikiwa na utando wa oili, usifurahie kufuta tu: oili hiyo mara nyingi inapanda kutoka oili sili ya juu ya krenkishafti, na usipoibadilisha utarudi hapohapo. Zikiwa zimeungua na upande mmoja umeota kichuguu, mshuku kondensa. Yenye afya hupima kati ya mikrofaradi 0.18 na 0.22, na kama mita yako haipimi hivyo, hamishia kondensa ya upande mzima uone.

Usisugue platini kwa msasa mweusi. Chembe zake zinabaki katikati na kuzuia umeme. Tumia tupa nyembamba ya platini, kisha pitisha kadi safi iliyolowa spiriti. Hata platini mpya ipitishe kadi, kwa sababu hutoka kiwandani imepakwa kitu cha kuzuia kutu. Watu wengi wamefunga mpya, wakakosa moto, wakalaumu koili.

Zungusha shafti mpaka kisigino cha platini kikae kwenye kilele cha kemu, ule uvimbe wa shafti unaoifungua. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, ipite kwa kukwaruza kidogo. Platini mpya iache 0.022, kisigino kitajisaga chenyewe. Mwanya huu ndio unaoamua platini ifunguke wakati gani. Ukiwa mdogo inachelewa, ukiwa mkubwa inawahi, na vyovyote sumaku za flaiwili haziko mahali pa kuipa koili nguvu kamili.

Koili zikague kwa macho kuliko mita. Iliyopasuka plastiki yake hupima vizuri ikiwa baridi, ikapotea ikipata joto. Kisha pitisha kidole pembeni: mabati ya koili yawe sawasawa na vichuguu vya chuma vilivyochongwa kwenye sahani inayobeba koili na platini. Yakiwa ndani kidogo, sumaku inapita mbali na moto unapungua. Yakitokeza, yanakwaruzwa na flaiwili. Toa skrubu yake ya ethi pia, ile inayoiunganisha na chuma cha mashine. Huko chini chumvi huacha unga wa kijani au mweupe, na inatosha kula nusu ya moto wote. Kwangua mpaka chuma king'ae.

Ukirudisha flaiwili, kagua kifunguo chake, kile kipande cha chuma kinachoishika kwenye shafti, kama hakijakatika, futa koni ya shafti kavu bila grisi, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Plagi iwe na mwanya wa inchi 0.030. Kisha chukua ule ubao, urudie kupima kwa milimita 6, silinda zote mbili.