Siku yangu ya Julai: mwanambuzi wa Ruashi

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Julai pumzi hutoka kinywani kama moshi. "Dokta, kamwana ka mbuzi kanakufa!"

Saa kumi na mbili niko Ruashi, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mwanambuzi amelala kwenye saruji, manyoya bado yamelowa. Natia kidole kinywani mwake: baridi, wala hanyonyi. Kipimajoto kinasema 35.8, na mzima huwa karibu 39. Mama mwenye mbuzi ameshapasha maziwa ampe kwa chupa. Namwomba asubiri. Mwili ukipoa hivyo, mtoto hamezi sawasawa, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Kwanza tumkaushe, kisha joto, maziwa baadaye.

Alizaliwa saa tisa usiku. Saa tatu tu, na hilo linanipa moyo. Mwanambuzi huja duniani na akiba ya mafuta ya kahawia ambayo kazi yake ni kuungua na kutoa joto, hata bila misuli kutetemeka. Akiba hiyo huisha upesi. Angekuwa amepitisha saa tano bila kunyonya, ningemdunga glukozi kabla ya kumpasha, maana joto bila sukari huleta degedege na kifo.

Tunamsugua kwa gunia kavu, tunampangia chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Mama anataka kuleta mbabula, jiko la makala (makaa), chumbani. Hapo nakataa kabisa: mlango ukifungwa, makala huua watu na mbuzi pamoja.

Saa moja na nusu: 37.6, na kichwa kimeinuka! Namkamua mama mbuzi dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, naipitisha kwa mpira hadi tumboni. Haifai kungoja kesho. Baada ya siku moja utumbo hauipokei tena kinga iliyomo.

Saa nne, Katuba, mtaa mwingine, nguruwe amezaa tisa. Wamelaliana kama mahindi ndani ya gunia. Hawa hawana mafuta ya kahawia hata kidogo, na siku ya kwanza wanahitaji nyuzi 34 hivi, joto ambalo mama yao hawezi kulivumilia. Kwa hiyo natengeneza kona yao peke yao, mbao chini, majani makavu juu.

Bukari (ugali) saa nane, haraka.

Saa kumi, kwa Papa mwenye ng'ombe watatu. Analaumu baridi kwa maziwa kupungua. Ng'ombe mzima, akiwa mkavu na ameshiba, baridi yetu haimwangushi. Kinachomwangusha ni malisho ya kiangazi yaliyokauka. Namshauri ampe nyasi nyingi jioni. Zinapochachuka tumboni hutoa joto usiku kucha. Pumba aongeze polepole, zikizidi ghafla zitamuumiza tumbo.

Jioni napita tena Ruashi. Saruji imefunikwa majani, mwanambuzi ananyonya huku mkia ukicheza. Nimemwachia Mama kipimajoto changu cha zamani. Saa nne usiku ananipigia: 38.7.