Bulushi, Balushi au Baluchi? Mtoto wetu tumuandike vipi

Asalaam alaykum jamaa zangu wa Mombasa na nyote mlio huku ughaibuni. Nimekuwa kimya siku nyingi lakini sababu ni njema, tumejaaliwa mtoto wa kike alhamdulillah, mama na mtoto wote wazima. Sasa leo nataka kuandika habari ya jina. Sio jina lake mwenyewe, hilo mamangu alishalitoa kitambo, Zuhura, jina la nyanyangu mzaa baba, na hapo hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa jina la mwisho, lile linaloonyesha sisi ni Wabulushi, watu wa asili ya ng'ambo.

Hapa Uingereza mtoto akizaliwa mna siku 42 za kwenda kumuandikisha, na jina la ukoo unaandika unavyotaka wewe, hakuna anayekulazimisha lifanane na la baba au la mama. Nilipomwambia mke wangu hivo akasema haya basi, andika lenu, kwani kuna nini? Nikaenda kutoa makaratasi kwenye bahasha nikayapanga juu ya meza ya jikoni, na hapo ndo nikaona. Pasipoti yangu mimi imeandikwa Bulushi. Ndugu yangu anayenifuata ni Balushi, na tumezaliwa tumbo moja nyumba moja pale Makadara. Dadangu kwenye kitambulisho hana kabisa, ana jina lake, la baba na la babu, basi, kama watu wengi wa kwetu. Cheti cha babangu kilichopigwa taipu zamani kimeandikwa Baluchi, na ch. Alafu ami yangu aliyehamia Muscat yeye ni Al Balushi. Ukoo mmoja, maandishi manne, na mmoja hayumo kabisa.

Watu wa nyumbani wanajua kwa nini hili halijawahi kutusumbua. Mombasa huulizwi jina la ukoo, unaulizwa wewe mtoto wa nani, na ukishataja babu na mtaa mambo yameisha. Mmazrui anajulikana, Mmandhry anajulikana, hawa wa Ba, Basheikh na Bajaber, unajua asili yao ni Hadhramaut kabla hawajafungua mdomo. Na wenyewe wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yale makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, hawahitaji hata kuandika, mtu ni Mkilindini au Mjomvu na mji mzima unajua. Huku ni tofauti. Huku jina la mwisho ndo wewe, ndo faili lako, ndo unavyoitwa hospitali. Binamu yangu alikuja kusoma huku na hilo Al lake, ile sistimu ya kliniki aliyojiandikisha ikamkata, Al ikawa jina la katikati na dawa zake zikakaa kwenye jina jingine wiki mbili. Nilikuwa nalifikiria hilo kila nikimtizama mtoto.

Sasa tuna jirani hapa Leicester, mzee wa Kiingereza, mstaafu, anatuletea nyanya za bustani yake kila msimu. Huyu mzee ana jina la ukoo adimu sana na kazi yake tangu astaafu ni kulitafuta. Nilidhani ni mambo yake peke yake, kumbe wako wengi, wana mpaka chama kinaitwa Guild of One-Name Studies, kipo tangu 1979, kila mwanachama anashika jina moja na kukusanya kila aliyewahi kuitwa hivo, popote duniani. Akanionyesha ramani yake. Waingereza wengi walikuwa washashika majina ya kurithishana kufikia miaka ya 1400, kisha serikali ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837, na sensa ya 1881 ndo wanayoipenda zaidi kwa sababu imeingizwa yote kwenye kompyuta na unaona kila jina lilikaa wapi. Jina lake yeye 1881 liko kwenye vijiji vichache vya karibu karibu, kama kuku wamekaa kwenye tundu moja. Akaniambia jina adimu linaweza kufa kwa sababu ndogo tu, nyumba mbili tatu zikizaa mabinti watupu, au vijana wakienda vitani wasirudi. Kisha akaniuliza, na nyinyi mko wangapi?

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza pale na chai yangu na swali lile likanikaa siku nyingi.

Mwaka 1837 aliponitajia nilishtuka, manake huo ni mwaka ninaoujua kwa sababu nyingine kabisa. Ndo mwaka Seyyid Said, sultani wa Oman, alipowang'oa Mazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa akaichukua, na akaweka askari wake ndani ya Ngome, yaani Fort Jesus. Na askari wale wengi walikuwa Wabulushi. Yaani wakati karani wa Kiingereza anafungua daftari lake la kwanza la vizazi, mababu zetu, au wenzao wa mababu zetu, ndo wanahamia Fort Jesus na mikeka yao. Watu wa Oman walikuwa wakichukua askari Makran, ule ukanda wa pwani ambao leo sehemu yake iko Iran na sehemu Pakistan, na hata mji wa Gwadar ulikuwa wa Oman tangu miaka ya 1780 mpaka walipouuza kwa Pakistan 1958. Kwa hiyo mtu alikuwa anatoka Makran, anavuka Muscat, anapewa bunduki, anashushwa Unguja au Mombasa, anaoa mke wa Kiswahili, na habari za kurudi zinaishia hapo. Burton, yule msafiri Mwingereza, alipokwenda bara 1857 alisindikizwa na askari Wabulushi wenye jemadari wao. Hili neno jemadari mnaona tunalitumia mpaka leo bila kufikiria limekuja na nani. Wengine hawakubaki pwani, Tanzania kuna Wabulushi mpaka Rujewa kule Mbeya. Na kwetu Mombasa msikiti wa Wabulushi upo Makadara, kila mtu anaujua, mimi nimesoma juzuu za mwanzo hatua chache kutoka pale.

Lakini kilichonifungua macho ni herufi. Wenyewe kwao wanajiita Baloch, na ch kabisa. Kiarabu hakina herufi ya ch, kwa hiyo Mwarabu wa Oman akasema Balush, na mtu wake akawa Balushi. Sisi Waswahili ch tunayo, tunasema chai, chumvi, chapati, tungeweza kusema Baluchi vizuri tu, lakini tulilipokea jina kwenye mdomo wa Mwarabu ndo likatufikia na sh. Baadae akaja karani wa Mwingereza ambaye alishazoea kuandika Baluchi tangu India, akalirudisha ch kwenye karatasi. Kwa hiyo cheti cha babangu hakikukosewa, na pasipoti yangu haikukosewa. Kila herufi inaonyesha jina lilipitia mlango gani. Ami wangu yuko Muscat kwa hiyo ana Al na ana sh, wale wenzetu wa Karachi ni Baloch, na wote ukiwarudisha nyuma wanafika pwani ile ile.

Na kuna jambo lingine mzee jirani aliona haraka kuliko mimi. Kule kwao wenyewe jina hili kama jina la ukoo halina kazi sana, kwa sababu pale kila mtu ni Baloch, mtu anajitambulisha kwa kabila lake la ndani, Rind, Lashari, Hoti, Bugti, Mengal. Ukitoka ndo unakuwa Mbulushi, kwa sababu waliokupokea hawajui Rind ni nani na Hoti ni nani, wanajua tu umetoka upande ule. Sisi Mombasa lile kabila la ndani limepotea kabisa, nimewauliza wazee wote walio hai na hakuna anayelikumbuka. Tulishika jina tulilopewa njiani. Na hapa kazini, nikiwa kwenye basi langu, madereva wenzangu wananiita Mombasa, hata wale Wakenya wa bara, kwa hiyo naelewa inavyotokea.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Muscat kumtembelea ami. Hapa Leicester sijawahi kukutana na mtu wa jina hili nje ya nyumba yangu. Mombasa ninaowajua wote ni watu wa kwetu au wakwe. Basi nimetoka uwanja wa ndege, gari la kwanza tulilopanda dereva kitambulisho chake kimening'inia mbele, Al Balushi. Duka la simu mtaa wa Ruwi, Al Balushi. Afisa aliyekagua pasipoti yangu alisoma jina akacheka akaniambia kitu ambacho sikukielewa. Kule ni katika majina makubwa kabisa ya nchi, ni kama kuitwa Juma kwetu. Lakini kilichonitoa machozi ni nyumba moja tuliyokwenda kula, mama mmoja mtu mzima akafungua mlango akasema "wash atke". Nyanyangu Zuhura alikuwa akisema hivo hivo mgeni akifika mlangoni, "washatke, washatke, ndoo ndani", na sisi watoto tulidhani ni neno lake mwenyewe, kama wazee wanavyokuwa na maneno yao. Kumbe ni Kibaluchi, maana yake karibu. Alikuwa hajui neno jingine lolote la lugha ile na pengine hata hakujua kwamba hilo moja ni la lugha ile. Nilisimama pale mlangoni nimeshika kiatu mkononi nikashindwa kuingia.

Sasa kuhesabu. Nilijaribu kweli. Sensa ya Kenya ya 2019 inatoa Waarabu wa Kenya 59,021 na Waswahili 56,074, lakini nikiuliza kwenye grupu letu la WhatsApp nani alijiandika nini, shangazi mmoja alijiandika Mwarabu, watoto wake wakajiandika Waswahili, na wako nyumba moja. Jina ndo usiseme. Sisi ndugu watano, wawili Bulushi, mmoja Balushi, wawili hawana. Ukienda na kompyuta ukatafuta Bulushi, familia yetu ina watu wawili. Na wasichana wetu kwa kuwa hawabadilishi majina wakiolewa wanabaki nalo kama walikuwa nalo, lakini watoto wao wanakwenda kwa baba zao. Mzee jirani aliandika yote hayo kwenye daftari lake akasema majina ya huku yanahesabika kwa sababu karani alikaa mahali pamoja miaka mia tano. Nikamwambia yetu inabidi uulize watu.

Basi siku zinakwenda, ya thelathini imepita, mke wangu ananiuliza kila asubuhi umeamua? Nikampigia ami. Hakujibu palepale, usiku akanitumia picha. Ni ule msahafu wa babu, ukurasa wa mwanzo kabisa wa ndani ya jalada, ambapo alikuwa akiandika watoto wake wakizaliwa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wino umefifia umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Babangu yupo, usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Rajabu, na jina lote mpaka mwisho, na mwisho pale ameandika be, lamu, wau, shini, ye. Hana Al. Na hakutia irabu. Kwa hiyo ukitaka usome Balushi utasoma, ukitaka Bulushi utasoma, babu ameacha wazi. Chini yake sauti ya ami, "mwanangu, mimi hapa naandika wanavyoandika hapa, serikali ya hapa inataka hivo, lakini nyumbani tulikuwa tukisemaje? Muulize mamako akutamkie."

Nikampigia mamangu nikamwambia mama, sisi akina nani? Akadhani nimepatwa na kitu. Nikamwambia sema tu, jina la akina baba. Akasema "Bulushi, kwani vipi?"

Tulikwenda siku ya 38. Ofisi ndogo, dada mmoja mpole, anataipu polepole, kisha anageuza skrini akakwambia soma herufi moja moja kabla hujatia sahihi kwa sababu baada ya hapo kurekebisha ni kazi. Nilisoma mara tatu. Z-U-H-U-R-A. Jina langu. B-U-L-U-S-H-I. Akaniuliza u zote mbili ni sawa? Nikamwambia zote mbili ni sawa. Kwenye gari, kabla hata hatujamfunga mtoto kiti chake, nikampigia mamangu video nikamuwekea cheti mbele ya kamera. Akatafuta miwani, akakosa, akachukua miwani ya mjukuu mwingine aliyekuwa naye pale, akasoma taratibu kama anayesoma barua, Zuhura, akataja langu, Bulushi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema haya, mtoto ashanyonya?