Nangoja mbao zinywe

Göteborg, Uswidi, Jumamosi ya mwisho ya Mei

Saa nne usiku, na mwanga wa kuandikia bado upo. Nimekaa ndani ya boti yangu, miguu nimeipandisha kitandani kwa sababu mbao za sakafu nimeziondoa ili niyaone maji. Dari ni ya chini, mtu mzima hasimami humu. Maji yanaingia. Kwa saa moja iliyopita nimefua, yaani nimeyatoa nje, ndoo 14. Pampu ya mkono ninayo, lakini leo nafua kwa ndoo kwa sababu ndoo inahesabika, na hesabu ndiyo inayonipa moyo: tuliposhusha chombo saa tisa alasiri, saa ya kwanza peke yake nilifua ndoo 31.

Boti ilijengwa mwaka 1958. Ni ya aina ambayo Waswidi huiita Folkbåt, boti ya watu. Wakati wa vita vikuu vya pili vyama vya mashua vya Skandinavia viliitisha shindano la kuchora boti ndogo ya tanga, imara, ambayo mtu wa mshahara wa kawaida angeimudu. Hakupatikana mshindi mmoja. Yaliyo mazuri katika michoro kadhaa yakaunganishwa na Tord Sundén kuwa mchoro mmoja, na mwaka 1942 boti ya kwanza ikashushwa majini katika mji huu huu. Urefu wake mita 7.64, upana mita 2.20, uzito karibu tani mbili, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni chuma kilichofungwa chini. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake katika boti ya aina hii aliyoigeuza tanga, kwenye mashindano ya kutoka Plymouth hadi New York, akafika wa pili. Mwanangu wa miaka tisa anaijua habari hiyo kwa moyo, na kila akiisimulia ananitazama kama anayengoja jibu.

Niliinunua kwa bei ya baiskeli nzuri. Boti za mbao za umri huu huuzwa hivyo, maana watu wanaogopa kazi yake. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeshindwa kupanda ngazi. Boti ilikuwa imekaa nchi kavu misimu minne, na jua lilikuwa limefungua nafasi baina ya mbao hata kidole changu kidogo kikaingia kucha. Alinikabidhi na kopo la misumari ya shaba, akaniomba nisiitumie kwa kitu kingine chochote.

Kabla ya kulipa nilimleta mkaguzi. Anagonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza, kisha anachoma kwa chuma chenye ncha. Mbao nzima hulia. Iliyooza huipokea nyundo kimya, kama embe lililoiva. Mahali pabovu hapakuwa chini, panapokaa baharini, bali juu, chini ya sitaha, ambapo maji ya mvua yalikuwa yakidondoka. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Mimi ni mtu wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, na nimekua nikisikia kwamba maji ya chumvi huitunza mbao na ya mvua ndiyo yanayoiozesha.

Mjomba wangu ni fundi wa vyombo huko Nungwi hadi leo. Nilipompigia kumwambia nimenunua chombo hakuuliza bei. Aliuliza, “Mataruma vipi?” Mataruma ni mbavu za chombo. Nikamwambia matano yamepasuka, yote penye mpindo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza miti iliyopinda nitaipata wapi katika nchi ya baridi.

Swali hilo lilinirudisha mbali. Nikiwa mtoto nilimfuata siku nzima mashambani, akipita chini ya miembe akitazama juu. Nilidhani anatafuta maembe, kumbe anatafuta tawi lenye pembe anayoitaka. Kwetu taruma huzaliwa limepinda. Kazi ya fundi ni kulijua likiwa bado mtini. Huku mti hununuliwa umenyooka kama rula. Nikaunda sanduku refu, nikaliunganisha na birika la mvuke, nikapika vipande vya mwaloni, saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kipande kikitoka una sekunde chache tu. Watu wawili, glovu nene, unakisukuma ndani ya boti, unakikanyaga mpaka kilale ubavuni, unakibana. Kikipoa kimeshakataa kunyooka. Nilivunja vitatu kabla ya kupata cha kwanza, na kilipokubali nilimtumia mjomba video. Aliitazama mara nyingi. Mke wake ndiye aliyeniambia.

Bolti zinazoshika chuma cha chini nimezibadili zote. Tuling'oa moja kwa majaribio, na katikati, palipofichwa na mti, ilikuwa imeliwa na kutu hadi kubaki nyembamba kama penseli. Juu na chini ilionekana nzima kabisa. Kazi hiyo iligharimu kuliko boti yenyewe, na singekubali kumpandisha mtoto wangu bila kuifanya.

Wengi walinishauri niifunike boti nzima kwa faibaglasi niachane na habari za kuvuja. Nilikataa na bado nakataa. Mti huvuta maji na kuyatoa, hutanuka na kusinyaa, na ganda la faibaglasi haliufuati. Unyevu ukinaswa ndani, mbao zinaoza mahali ambapo hakuna jicho wala nyundo itakayofika.

Saa sita. Ndoo 9.

Jambo lililomsumbua zaidi mjomba ni pamba. Kwetu mbao hukaa ubavu kwa ubavu, na kila mwanya hushindiliwa pamba iliyolowa mafuta. Bila kalafati hakuna chombo. Boti hii mbao zake hupandana kama makuti ya paa, ya juu ikiikalia ya chini, zimefungwa kwa misumari ya shaba iliyopitishwa na kubanwa kwa ndani. Mbao hizo hazina pamba baina yao.

“Sasa maji yanazuiwa na nini?”

“Na mbao zenyewe, mjomba. Zikinywa zinavimba, zikivimba zinabanana.”

“Na zisipobanana?”

“Nafua.”

Aliniagiza nisiiwahishe. Wiki mbili kabla ya leo nilitandika magunia ndani, nikayalowesha asubuhi na jioni, ili mti uanze kunywa taratibu. Huko kwetu chombo kikiwa pwani hujengewa kivuli cha makuti kwa sababu hiyo hiyo, jua lisizifungue mbao. Nilifurahi kwamba kwa hili tumekubaliana bila kubishana.

Namna ya kushusha ndiyo tofauti kabisa. Nungwi bamvua, yaani maji makuu, huinua bahari karibu mita nne. Chombo hukalishwa mchangani maji yakipwa, huchomwa chini kwa makuti yanayowaka ili mdudu mtoboa mbao afe, hupakwa chokaa na shahamu, na maji yakirudi watu wanakivuta kwa nyimbo. Hapa maji hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha kukufaa. Kreni iliinua boti, ikaiweka, ikaenda kwa nyingine. Dakika kumi. Hakuna aliyeimba, nami nilijikuta nikiimba peke yangu, kwa sauti ndogo, kile kiitikio cha wavuta chombo. Mwanangu akaniitikia. Sikujua kama anakijua.

Saa nane. Ndoo 5. Baridi imeingia, nimejifunga blanketi. Maji ninayosikia sasa si yale ya kuchuruzika ndani. Ni ya nje, yanalamba ubao karibu na sikio langu. Nimepitisha tochi kwenye kila mwungano. Upande wa kushoto, karibu na mkuku, uti wa chini wa boti, bado panatoa machozi. Upande wa kulia umekauka toka omo, mbele, hadi tezi, nyuma.

Saa kumi na robo, na jua linakaribia kutoka. Nungwi ni saa kumi na moja na robo, na mjomba ameshasali. Nimempigia. Hakungoja nimwamkie.

“Ngapi?”

“Shikamoo mjomba. Moja na nusu.”

“Marahaba. Nusu hiyo umeipima?”

“Nimeipima.”

Nikasikia anamwambia mtu pembeni, moja na nusu, kisha akarudi kwenye simu. “Basi rudisha sakafu, mwanangu, ulale.”