Chungu cha watu wanne, wiki nane

Iyunga, Mbeya. Jumamosi jioni.

Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi wa vyuo, limeingia, na vibanda vya zege (chipsi mayai) vimejaa mpaka barabarani. Mimi nawaza wiki ya sita, pale wengi wanapoanza kupiga pasi ndefu: asubuhi chai na maandazi mengi kwa mpigo, kisha hakuna kitu tena mpaka usiku. Anayekula hivyo anaingia kipindi cha saa nane mchana akiwa hasikii anachofundishwa.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 hela ya kujikimu katika mkopo wa Bodi ya Mikopo imehesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Lakini haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo. Mwanafunzi anaigawa kwenye daftari, siku moja kiasi fulani, na daftari halizuii kitu. Hela iliyoko kwenye simu ni ya nauli, ya vocha, ya kumkopesha rafiki. Unga ulioko kwenye ndoo ni wa ugali tu. Ndiyo maana naamini mpango wa chakula chuoni ufanywe kwa kilo, na ununuzi mkubwa uishe ndani ya siku mbili za kwanza, kabla hela haijazoea kutoka.

Hesabu yangu ni ya watu wanne wanaopika pamoja chakula cha jioni, huku mchana wa siku za vipindi kila mmoja akila kwa mama ntilie. Kwa wiki: ugali mara nne, wali mara mbili, kande mara moja. Ugali wa mtu mmoja ni gramu 200 za sembe, kwa hiyo chungu kimoja ni gramu 800 kwa maji ya lita mbili hivi. Mchele gramu 150 kwa mtu, maharage makavu gramu 80, dagaa gramu 30. Maharage yanaliwa na wali mara mbili na ugali mara mbili, dagaa siku mbili za ugali zilizobaki. Kande inachukua gramu 400 za mahindi yaliyokobolewa na gramu 200 za maharage. Kwa wiki nane unapata sembe kilo 26, mchele kilo 10, maharage kilo 12, mahindi ya kande kilo tatu na kidogo, dagaa kilo mbili, mafuta ya kula lita tano. Mafuta yanatosha kwa sharti moja: mpishi apime kwa kijiko, mililita 80 kwa chungu. Akimimina kwa macho, lita tano haziifikii wiki ya tano.

Nyanya, vitunguu na mboga za majani haziingii kwenye ununuzi huo. Hizo ni za kila baada ya siku moja, fungu kwa fungu, na huku kwetu chainizi na figiri hazikosekani Mwanjelwa wala Uyole.

Sasa maharage. Hapa ndipo mipango mingi ya chakula inavunjikia Mbeya na Iringa, na anayetoka Dar au Tanga hupata tabu zaidi, kwa sababu hudhani ameuziwa maharage mabaya. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na ukiongeza moto unapata mvuke mwingi tu, joto la maji halipandi. Chungu kinachoiva pwani kwa saa moja na nusu, hapa kinadai zaidi, na gesi ya mtungi wa kilo sita inaishia humo. Watu wakichoka na gharama hiyo wanaacha maharage, wanahamia chipsi, na bajeti imekufa.

Dawa inaanza sokoni. Uliza maharage ya msimu huu, kwa sababu yaliyokaa muda mrefu mahali pa joto na unyevu hugoma kuiva hata uyapike mchana kutwa. Ya njano kwa kawaida huwahi kuiva kuliko mekundu makubwa. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, hapa hapa Mbeya, kimetoa aina kadhaa za maharage, Njano Uyole ikiwa mojawapo, na wauzaji wengi wanajua wanachouza ukiwauliza kwa adabu.

Chagua mawe, osha, loweka kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili kwa maji mara tatu ya ujazo wa maharage. Maji hayo mwaga. Weka mapya, chemsha kwa moto mkali dakika kumi bila kupunguza, hasa yakiwa mekundu, maana yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauimalizi. Nyanya, ndimu na kitu chochote kichachu visubiri mpaka punje ibonyee kwa vidole. Uchachu hukaza ganda, na nyanya ikiwahi, utachochea mpaka usiku wa manane. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1. Kwa mtu anayekula maharage mara tano kwa wiki, siyapendekezi.

Baada ya dakika 30 za kuchemka, zima jiko, funika kwa mfuniko unaobana, kisha zungushia sufuria mablanketi mawili mazito. Sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi, kwani iliyo nusu hupoa upesi. Iache kwa muda wa saa tatu bila kufunua. Anayefunua kuonja ameitoa ile joto iliyokuwa inapika. Halafu rudisha jikoni, chemsha tena mpaka ibubujike, kisha uyaunge maharage. Wanne wakichanga wakanunua sufuria ya presha, shida hii inapungua sana, kwani ndani yake maji hupita joto la kawaida la kuchemka. Ningeinunua hiyo kabla ya mtungi wa pili.

Pika ya siku mbili, usizidishe. Sehemu ya kesho itenge bila nyanya, ichemshe dakika kumi usiku na tena asubuhi, na usiichovye kijiko kilicholambwa. Kiporo cha wali ni habari nyingine. Baridi ya Juni inawadanganya watu kwamba chumba ni friji. Wali uliolala kwenye sufuria huota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto kesho yake. Pika wali unaoisha.

Dagaa wa Ziwa Nyasa wana mchanga. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, wakauke, ndipo uwakaange. Wakiingia kwenye mafuta wakiwa na maji, wanapasuka vipande na kunyonya mafuta yote. Chai nayo isogezwe saa moja mbali na mlo, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Hili nawasisitizia zaidi dada zetu. Kipande cha chungwa au limao baada ya kula hufanya kinyume chake.

Kuhifadhi: ndoo zenye mfuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta. Dona usinunue ya wiki nane. Kiini cha mahindi kimesagwa humo na mafuta yake huchacha, unga ukawa mchungu. Chukua ya wiki mbili mbili. Mahindi au karanga zenye ukungu tupa zote, sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Asubuhi, uji au viazi vitamu, na parachichi la Rungwe kwenye mkate badala ya siagi.

Chungu cha pamoja mara nyingi huvunjwa na watu. Mmoja anachanga kwa ahadi, mwingine analeta mgeni kila Ijumaa. Kila mtu alete mchango wake kwa vitu, siku ile ile ya ununuzi, na zamu za kupika ziandikwe ukutani. Mgeni anakaribishwa, ila aliyemleta anatoa gramu 200 za unga na mboga ya siku hiyo. Na zamu ikiangukia usiku wa baridi, jiko la mkaa lipikie nje au kwenye veranda. Lisiingizwe chumbani kuota moto hata mkaa ukionekana umekwisha: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.