Jumamosi ya kumi na moja

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao chetu cha walevi tunaoacha pombe, nimekaa hapa kibarazani, viatu bado vina vumbi, nimeona niandike kabla sijalala maana nikisema kesho siandiki.

Mi ni fundi seremala, niko Keko, na fundi mkono wake ndo kila kitu. Miaka mingi mkono wangu asubuhi ulikua haushiki patasi mpaka nizimue kwanza. Enzi za viroba, ile pombe kali ya vipakiti, nilikua natembea nacho mfuko wa shati, nang'ata kona na meno, nameza, nakaa kama dakika kumi hivi, afu ndo mstari wa penseli unanyooka. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikamwambia mke wangu sasa basi nimeacha, na nilimaanisha kabisa, ila wiki haikuisha nikahamia chupa ndogo na hela ikikata naenda kwenye gongo.

Nilijaribu kuacha mwenyewe, ghafla, nimejifungia ndani, kwa sababu mtaani kila mtu anakwambia kuacha ni nia tu. Siku ya pili jasho, mwili mzima unatetemeka, nasikia watu wanaongea ukutani, na jioni nikaanguka kifafa mbele ya mwanangu wa miaka tisa. Naomba hili ulisome vizuri kama unakunywa kila siku au una ndugu wa hivyo: mwili uliozoea pombe miaka mingi ukiinyima ghafla unaweza kufa kweli, usikate peke yako, nenda hospitali wakupe dawa za kukushusha taratibu na vitamini B1. Mi nilikua sijui, na aliyelipa kwa kutojua kwangu ni yule mtoto.

Dada yangu ndo alinipeleka. Siku ya kuruhusiwa nesi mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza, kaka hizi dawa ni za siku chache tu, zikiisha unarudi kwa nani? Sikua na jibu. Akanichorea nyuma ya bahasha ya dawa njia ya kufika, siku na saa, akasema ni kikundi cha AA, yani walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hawachaji hela, hawaulizi jina la ukoo wala dini.

Ile bahasha nilikaa nayo wiki tatu. Jumamosi mbili nilifika mpaka getini nikapitiliza kama naenda dukani. Niliogopa kuonekana, wakati watu wa Keko walishaniona nimelala mtaroni mchana kweupe, sijui nilikua namficha nani.

Ya tatu nikaingia. Viti vya plastiki, feni moja, watu tisa, wanawake wawili. Kuna mzee mmoja pale ndo anamimina chai, nikamwamkia shikamoo, akanipa kikombe kikiwa nusu. Wengine wote vimejaa, changu nusu. Nikaumia moyoni nikasema hata huku nshajulikana ni mtu wa kupunjwa. Nikakishika, mkono ukaanza kucheza kama kawaida, chai ikazunguka mle ndani ya kikombe isimwagike hata tone. Nikamwangalia yule mzee, hata hakua ananitazama, alishaendelea na mwingine. Ana miaka kumi na nne hajaonja pombe, anajua mikono ya mgeni ilivyo.

Afu wakaanza kuongea mmoja mmoja. Naitwa fulani, mimi ni mlevi. Na wote wanaitikia karibu. Yani hilo neno mlevi mi nimetukanwa nalo na mama mkwe, na wateja, na watoto wa mtaani, ni neno la kumalizia ugomvi, na pale mama mtu mzima kajifunga kanga yake analisema taratibu kama anataja kabila lake, na hakuna anayecheka. Zamu yangu ilipofika nikasema jina nikashindwa kuendelea. Wakaitikia karibu hivyo hivyo.

Mzee alinisimulia kwamba hii kitu ilianza 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wakagundua kwamba mlevi akikaa akaongea na mlevi mwenzake ile kiu inapungua. Daktari wa upasuaji. Nililala nikiiwaza mikono yake. Sharti la kujiunga mpaka leo ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa, na hatua za kupitia mpaka upone ziko kumi na mbili.

Mi niliikimbilia ya tisa, ile ya kwenda kwa uliowaumiza ukarekebishe, nikataka nipande basi hiyo hiyo wiki nikamuombe mke wangu msamaha kwao, yeye na mtoto wapo huko tangu ile siku. Mzee akaniambia mwanangu tulia, uko ya kwanza, wao msamaha wako wameshausikia mara ngapi? Iliniuma ila ni kweli.

Jana usiku mtoto alipiga kwa simu ya bibi yake. Akauliza, baba umekunywa? Nikamwambia leo sijanywa. Akanyamaza kidogo, nasikia tu anavyohema, afu akaniuliza, sa leo umekula nini? Nikamwambia ugali na dagaa. Akasema bibi leo kapika maharage, na tukaongea hivyo, habari za chakula tu, mpaka salio likaisha.