Namba Ilipogoma kwenye 5

Mama yule alinusurika ajali ya meli kati ya Unguja na Pemba. Dada yake hakuonekana tena. Siku ya kwanza kuingia chumbani kwetu mwa tiba Wete, Pemba, aliniuliza, "Mwanangu, utanipunga pepo?" Nikamwambia hapa hakuna kupunga wala kulazwa usingizi: utakuwa macho muda wote, na ukinyanyua kiganja naacha papo hapo.

Tiba hii ya kusogeza macho, iitwayo EMDR, aliianzisha mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unaipendekeza kwa wenye kiwewe. Watu huona vidole tu vikipitishwa mbele ya macho ya mgonjwa, kumbe kazi nzito hutangulia. Kwanza mtu apate mahali pa utulivu pa kukimbilia akilini. Mfano unaopendwa ni ufukweni. Kwa aliyekunywa maji ya bahari usiku kucha, mfano huo haufai kabisa. Yeye alichagua uani kwao msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa juani.

Siku ya kuligusa tukio lenyewe, viti niliviweka ubavu kwa ubavu vikitazama pande tofauti, nisimkabili kama hakimu. Picha inayouma zaidi? Mkono wa dada ukimteleza, umejaa dizeli. Maneno yanayokuja nayo? "Mimi ndiye niliyemwachia." Angependa kuamini nini? "Nilifanya nilichoweza," ila ukweli wa maneno hayo akaupa 2 kati ya 7. Dhiki, kwa kipimo cha 0 hadi 10, ilikuwa 9, nayo ilikaa kifuani na kwenye kiganja cha kulia.

Nikapitisha vidole viwili, sentimita 30 hivi kutoka usoni, kwenda na kurudi kama mara 24, naye akivifuata kwa macho; hiyo ni seti moja. "Pumua. Kimekuja nini?" Akijibu, nasema tu, "Endelea na hilo." Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafariji, wanahoji, na uzi unakatika. Inaelezwa kwamba akili ikishika picha huku ikifuata kidole, nafasi haitoshi, picha inafifia. Wapo watafiti wasiokubali kwamba macho yana mchango wowote mkubwa, mjadala haujafungwa.

9 ikawa 7, ikawa 5, ikagoma. Nikabadili mwelekeo, mshazari. Macho yakaanza kumuuma, basi akapishanisha mikono kifuani, akajigonga mabega kwa zamu. (Njia hii hutufaa sana huku pia pale mtaalamu ni mwanamume na mgonjwa ni mwanamke.) Bado 5.

Dhiki ikikwama hivyo, huwa kuna wazo limeizuia, na hapo swali moja linaruhusiwa. "Mama, angekuwa jirani yako ndiye aliyeponyokwa, ungemwambiaje?"

Akakitazama kiganja chake. "Ningemwambia mkono ulikuwa na mafuta."

"Endelea na hilo."

Alilia seti nzima, nami sikusimamisha vidole, maana kusimama katikati ya kilio humwacha mtu palepale penye maumivu. Namba ikashuka hadi 2. Dakika 90 zilikuwa zinakwisha na alasiri imeadhiniwa. Kwa kuwa haikufika 0, yale maneno mazuri hatukuyagusa; tukarudi kwenye majamvi ya karafuu, nikamweleza kuwa ndoto zinaweza kumjia, aziandike tu.

Mlangoni akauliza kama apande boti wiki ile. Nikamwomba asubiri. Yaliyopita kwanza, halafu kinachomshtua leo, ndipo safari ijayo. Na kikao kinachofuata kingeanza kwa kuiuliza namba upya, kwani huweza kupanda.